Beseni la Mama Bernardine

Shule ya Kilimo ya Tujaribu, katika eneo la Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, ilianza na wanafunzi ishirini na wawili, vyumba viwili vya udongo na kanuni moja: mikono kwanza. Mwalimu Adolphe aliieleza kanuni hiyo siku ya ufunguzi. Alisema kwamba kwa miezi mitatu ya mwanzo hakuna mwanafunzi atakayeandika chochote, kwa sababu kilimo hakiingii kwa kalamu, kinaingia kwa viganja. Wanafunzi walikubali. Madaftari yalikuwa hayajafika hata hivyo, na yalipofika yalikuwa ya muziki, yenye mistari mitano mitano.

Adolphe alikuwa mtu wa Fizi, Kivu Kusini, mwenye miaka arobaini na tisa. Alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo, kwa cheti kilichobaki nyumbani siku ile walipokimbia. Alichokuja nacho ni serpette, kisu kidogo cha kupogolea chenye ncha iliyopinda, alichokivusha mipaka miwili akiwa amekifunga kwenye soksi. Alikuwa mwalimu mzuri. Afadhali hilo lisemwe mapema, kwa sababu mbele kidogo litakuwa gumu kulisema.

Siku ya kwanza aliuliza nani anaweza kubeba beseni la maji kichwani bila kumwaga hata tone. Watu wote walimtazama Bernardine, naye Bernardine akatazama miguu yake. Alikuwa Mrundi wa Rumonge, mjane wa miaka hamsini na sita, Mkatoliki asiyekosa misa, na hakuwa na desturi ya kusema kabla hajaulizwa. Hakuwahi kuingia darasani tangu azaliwe. Basi akapewa beseni, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake.

Beseni lilikuwa na sababu. Kuna ugonjwa wa migomba ambao Warundi huuita kirabiranya na Waganda huuita kiwotoka. Majani yanageuka njano na kulegea kama nguo iliyoanikwa, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinakuwa za kahawia, na ukikata shina linatoa uteute wa njano. Mgomba ukishaupata haurudi. Ugonjwa huo unasafiri kwa kisu. Ukikata jani la mgomba mgonjwa, kisha ukaenda na kisu hicho hicho kwa mgomba mzima, umeupeleka mwenyewe.

Kwa hiyo Mwalimu Adolphe alifundisha hivi: kipimo kimoja cha jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa vipimo vitano vya maji. Ukimaliza mgomba mmoja, kisu kinaingia kwenye beseni, na darasa zima linahesabu mpaka thelathini kwa sauti. Hesabu ilikuwa ya Kifaransa. Mwalimu alisema mtu akihesabu kwa lugha yake anaharakisha. Baada ya siku chache hata majirani waliokuwa wakichota maji walikuwa wakihesabu pamoja nao, wakiishia na *trente* kwa pamoja kama wanaoitikia sala.

Juru si nchi ya ndizi. Mvua yake ni ya kuhesabika, na watu wanalima maharage na mahindi. Lakini wanafunzi kumi na mmoja walikuwa na migomba michache nyuma ya nyumba, pale maji ya jikoni yanapomwagwa, na Mwalimu aliamua kwamba darasa litapita nyumba kwa nyumba, bustani moja kila asubuhi, mpaka zote kumi na moja ziishe. Watapunguza machipukizi, wataondoa majani makavu, na kila mwenye nyumba atajifunza mbele ya migomba yake mwenyewe.

Jumatatu walianza kwa Bernardine, kwa sababu beseni lilikuwa kwake tayari. Migomba yake ilikuwa kumi na minne. Jiki ilinuka kama wodi ya wazazi na ilimtoa machozi njia nzima. Jumanne walikwenda kwa Valentin, mwenyekiti wa darasa, mzee mwembamba aliyekuwa akiuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo. Jumatano ilikuwa zamu ya Larissa.

Asubuhi hiyo ya Jumatano Bernardine alilichukua beseni mlangoni pa shule, likiwa limeshajazwa, akaliweka kichwani na kuanza kutembea. Alipofika kwenye mti wa pili alitambua kwamba macho yake ni makavu. Alilitua kwa Larissa, akainama kana kwamba anafunga kitenge chake vizuri, akanusa. Beseni lilinuka beseni.

Alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa amevaa shati jeupe kuliko kitu chochote kilichokuwa kimeonekana Juru mwezi huo.

"Mama, kuko shida?" Adolphe aliuliza.

Bernardine alifikiri. Yeye hakusoma, na huyu alikuwa agronome. Huenda kuna jiki ya aina nyingine isiyonuka.

"Hakuna," alisema.

"Basi tuendelee."

Mgomba wa kwanza wa Larissa ulikuwa na jani moja la njano. Mwalimu alisema ni jua. Akalikata kwa serpette, akakitia kisu kwenye beseni, na darasa likahesabu. *Un, deux, trois.* Walihesabu vizuri siku hiyo, bila mtu kuruka namba. Kisha wakaenda mgomba wa pili.

Walipita hivyo bustani zote zilizobaki, Jumatano hadi Jumamosi, na wiki iliyofuata Jumatatu hadi Ijumaa. Bernardine alibeba beseni kila siku, na kila siku alinusa, na kila siku beseni lilikuwa halinuki chochote. Siku ya tatu ya kunusa alijiambia kwamba sasa amechelewa kuuliza. Siku ya tano aliacha kunusa.

*

Wiki sita baadaye migomba ya Larissa ilianza kulala. Baada yake ikafuata ya bustani ya Alhamisi, kisha ya Jocelyne.

Jocelyne alikuwa Mrundi pia, mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye sauti ya taratibu ambayo watu walikuwa wakiiogopa. Migomba yake tisa ndiyo ilikuwa mizuri kuliko yote ya Juru. Alikuwa ameipanda mwenyewe wiki ileile aliyopewa kiwanja, kabla hata hajamaliza kuezeka nyumba, na mikungu yake ilikuwa ikiuzwa sokoni kabla haijakatwa. Alimwita Mwalimu aje atazame.

"Ni jua," Adolphe alisema.

Jocelyne akakata shina moja chini kabisa. Walisimama wakingoja. Uteute wa njano ulitoka polepole, tone baada ya tone.

"Na hili jua linatoka usaha?" Jocelyne aliuliza.

Adolphe alisema atafuatilia. Wiki hiyo hiyo bustani nyingine nne zilionyesha dalili. Ilipofika wiki ya nane zilikuwa tisa, na ndipo Jocelyne alipoanza kutembea. Alipita bustani zote kumi na moja akiwa ameweka mikono nyuma, na mwisho akasimama kwa Bernardine.

Migomba kumi na minne ya Bernardine ilikuwa imesimama, mibichi, majani yake yakipigana na upepo.

"Habari ya asubuhi, Mama Bernardine."

"Nzuri, Jocelyne. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kuona tu. Yako imesimama na yangu imelala. Na tulifundishwa na mtu mmoja."

"Na ya Valentin pia imesimama," Bernardine alisema.

"Valentin ni mwanamume. Valentin hakubeba beseni."

Jocelyne aliaga kwa adabu na kuondoka. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imezunguka. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba Bernardine aliweka kitu ndani ya beseni. Walisema tu kwamba ni ajabu. Baada ya misa, benchi alilokaa lilikuwa na nafasi upande wa kulia na upande wa kushoto, na wanawake wa kikundi cha Rozari, ambao kwa kawaida walipitia kwake kunywa uji, walikumbuka kila mmoja kazi aliyoiacha nyumbani. Bernardine alipika uji wa watu sita, akaunywa siku mbili.

Jumatatu alikwenda kwa Adolphe. Alimkuta akilitengeneza jembe mbele ya nyumba yake.

"Mwalimu," alisema, "beseni halikunuka."

Adolphe aliendelea kugonga mpini. "Beseni gani?"

"Tangu kwa Larissa."

Akagonga mara mbili zaidi, kisha akaweka nyundo chini. "Mama, tusisemeseme mbele ya kujua. Kwanza tuhakikishe kama ni ile ugonjwa. Tutabeba mugomba kipande, tutaenda nayo Mbarara. Kule kuko bantu banajua."

"Na wakisema ndiyo?"

"Bakisema ndiyo, tutaona."

*

Walikwenda Jumatano. Walipanda pikipiki moja, dereva mbele, Adolphe katikati, Bernardine nyuma akiwa amepakata gunia lenye kipande cha shina na ndizi tatu za Jocelyne. Walipita Isingiro mjini, wakashuka Kaberebere, wakapanda gari hadi Mbarara. Gunia lilivuja kidogo njiani. Adolphe alikuwa amevaa shati lile jeupe.

Ofisi ya kilimo waliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya duka la mbegu. Ndani kulikuwa na ofisa mmoja, Nehemiya, Munyankore wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akila karanga kutoka kwenye bahasha. Aliwakaribisha viti. Bernardine akalifungua gunia juu ya sakafu.

Nehemiya aliacha kutafuna.

"Nyabo, mama," alisema, "hii kitu natoka wapi?"

"Nakivale."

"Nakivale mpaka hapa napita wapi?"

"Isingiro. Kaberebere," Adolphe alijibu.

"Isingiro," alirudia Nehemiya. "Kaberebere. Ile ndizi yote ya Uganda nakaa huko. Sasa nyinyi mmepatia hii ugonjwa lifti." Alinyanyuka, akachukua mfuko wa plastiki mzito, akatia gunia zima ndani yake, akafunga fundo, akatia mfuko huo ndani ya mwingine. Kisha akakaa tena na kuzisogeza karanga mbali. "Hapana hitaji maabara. Hii ni kiwotoka. Hata mtoto ya nasari najua. Mashamba ngapi?"

"Tisa," alisema Adolphe.

"Tisa kwa mara moja? Yanafuatana?"

"Hayafuatani. Yako mbalimbali."

Nehemiya alivua miwani. "Basi si nyuki. Ni kisu. Nani nakata?"

"Miye. Miye ndiye mwalimu."

"Na kisu, bwana, ssebo nasafisha na nini?"

"Jiki," Adolphe alisema.

Ofisi ilikuwa na saa ya ukutani, na mlio wake ulikuwa mkubwa kuliko Bernardine alivyodhani alipoingia. Aliitazama saa. Akatazama kola ya shati la Adolphe. Alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kumsahihisha mwalimu yeyote, kwa kuwa hakuwahi kuwa na mwalimu mwingine.

"Maji," alisema.

Nehemiya akamgeukia. "Nyabo nasema nini?"

"Yalikuwa maji. Mimi ndiye nilibeba."

Adolphe hakubisha. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nehemiya aliwatazama wote wawili kwa zamu, na kwa kuwa alikuwa na miaka ishirini na sita ndani ya kazi hiyo hakuuliza zaidi. Aliwaeleza la kufanya: kung'oa kila mgomba mgonjwa na mizizi yake, kuzika, kutopanda ndizi mahali pale kwa miezi sita, kuweka maharage. Visu vichomwe motoni mpaka mkono usivumilie, au jiki ya kweli. Aliwapa karatasi ya maelezo yenye picha, iliyoandikwa kwa Kiingereza na Runyankore, lugha mbili ambazo hakuna kati yao aliyezisoma. Kisha akaenda chooni, akarudi na chupa ya jiki iliyofika nusu.

"Hii ya ofisi," alisema. "Hapana vaa. Safisha kisu."

Hakuwa amesema kwa kejeli. Alitaka kusema isitiwe kwenye nguo, na Kiswahili chake kilikuwa hivyo. Lakini Adolphe alilitazama shati lake.

Waliporudi Kaberebere walingoja pikipiki kivulini, kando ya wanawake waliokuwa wakiuza mikungu ya ndizi iliyopangwa chini kwa safu. Bernardine alisimama mbali na ndizi hizo kadiri alivyoweza.

"Jiki ilikwishaka siku ya mardi, ile Jumanne," Adolphe alisema, akiwa hajaulizwa. "Ile ya mwisho nilitia mu shati. Balisema bageni batakuja kukagua shule kesho yake, mercredi, na miye niko na shati moja. Bageni habakukuja."

"Hawakuja," Bernardine alikubali.

"Nikasema, siku moja tu. Nitatia maji, banafunzi bazoee kufanya vile. Samedi, ile Jumamosi, nitakuja hapa Kaberebere kununua ingine. Samedi tulikuwa kwa Jocelyne mpaka saa nane, kisha mvula. Lundi, Jumatatu, nikaona, kama nikileta jiki leo, itanuka, na bote batajua kama tangu mercredi haikukuwa." Pikipiki ilipita ikiwa na abiria. "Kila siku ilikuwa mubaya kuliko jana yake, Mama. Lakini haikukuwa mubaya mingi. Kidogo tu."

Bernardine aliyajua hayo. Kwake pia ilikuwa kidogo tu kila siku.

"Ijumaa utawaambia," alisema.

"Nitabaambia."

"Na mimi nitasema yangu."

"Yako haiko kitu, Mama."

"Nitasema," alisema Bernardine.

*

Ijumaa asubuhi darasa lilikaa nje kwa sababu wenye bustani wote walikuja na waume zao, au wake zao, au majirani wao. Adolphe alisimama mbele. Hakuvaa shati jeupe. Alisema kwa maneno machache kwamba ugonjwa ni kirabiranya, kwamba uliingia kupitia kwa Larissa bila kosa la Larissa, na kwamba ulipelekwa kwa wengine wote na serpette yake. Alisema tangu Jumatano ile beseni lilikuwa na maji matupu na yeye alijua. Akaeleza kuhusu shati. Kuna watu waliosubiri sababu nyingine, kubwa zaidi, na walipoona haiji wakageuza nyuso.

Kisha Bernardine akasimama. Watu walikuwa hawajamsikia akisema mbele ya wengi, na baadhi walikuwa hawana hakika kwamba anaweza.

"Mimi nilibeba," alisema. "Jumatatu lilinuka. Jumanne lilinuka. Jumatano halikunuka. Nilijua kwa pua, sikusema. Nilifikiri mwalimu anajua zaidi ya pua yangu." Alifikiri kama kuna kingine. "Ni hayo," alisema, akakaa.

Larissa alikuwa akilia kimya kimya, ingawa hakuna aliyemlaumu. Valentin alinyoosha mkono na kuuliza kama ina maana kwamba bustani ya kwanza na ya pili zilipona kwa sababu jiki ilikuwepo. Aliambiwa ndiyo. Alisema hivyo ndivyo alivyodhani.

Jocelyne alikuwa amekaa kwenye jiwe pembeni. "Basi tutakata," alisema.

"Tutakata," Adolphe alijibu. "Zile bustani zote tisa."

"Na ya Bernardine?"

"Ile iko muzima, Mama Jocelyne. Ile ni mbegu yetu ya kesho."

"Yeye alijua," Jocelyne alisema. Hakupandisha sauti. "Sisi tutakata migomba yetu tukiwa tunatazama yake. Mimi sitaki kuitazama."

Palikuwa na minong'ono ya kukubali. Haikuwa mingi, lakini ilitoka upande ambao Bernardine hakuutegemea, kwa wanawake wa Rozari. Alisimama, akakung'uta kitenge, akaanza kutembea kuelekea kwake. Mwanzoni watu walidhani ameudhika na anakwenda nyumbani. Kisha wakaelewa, wakamfuata, darasa zima na majirani na waume, kama walivyokuwa wakitembea asubuhi zile za mafunzo, ila beseni halikuwepo.

Bernardine aliingia jikoni na kutoka na panga. Alikwenda moja kwa moja kwenye mgomba wa kwanza, uliokuwa na mkungu mkubwa uliobakiza wiki mbili, akashika shina kwa mkono wa kushoto, akainua panga.

"Weka chini hilo," alisema Jocelyne.

Bernardine akageuka.

"Umelichoma?"

"Hapana."

"Mara ya mwisho limekata nini?"

Bernardine alifikiri. "Juzi Larissa aliliazima."

"Larissa aliliazima, halafu unalitia kwenye mgomba mzima," Jocelyne alisema. "Mwalimu alifundisha hivyo? Weka chini."

Bernardine aliliweka chini. Jocelyne aliliokota kwa ncha za vidole, akaingia nalo jikoni, ambako makaa ya asubuhi yalikuwa bado mekundu, akachuchumaa na kulilaza juu yake. Watu walisogea mlangoni. Hakuna aliyeamuru, lakini mmoja alianza, *un*, na wengine wakaingia, *deux, trois*, na walipofika *trente* Jocelyne aliligeuza panga upande wa pili, wakaanza upya. Adolphe hakuhesabu. Alikuwa amesimama nyuma ya watu wote akiwa ameshika kofia yake.

Jocelyne alitoka nje, akalingoja panga lipoe, akampa Bernardine mpini.

"Sasa kata, kama unataka."

Bernardine aliutazama mgomba. Akautazama mkungu.

"Sitaki," alisema.

"Hata mimi sitaki," alisema Jocelyne. "Twende kwangu. Yangu ndiyo ya kukatwa."

*

Iliwachukua siku kumi na moja. Darasa lilirudi bustani zile zile, safari hii likianzia kwa Jocelyne, wakang'oa, wakachimba mashimo, wakazika. Kila asubuhi Adolphe alikuwa wa kwanza kushuka shimoni na wa mwisho kutoka. Nehemiya alikuja siku mbili kwa pikipiki yake mwenyewe, akasimama ukingoni akila karanga na kusema wapi bado. Mtu mmoja alisema kwamba hili ndilo somo ambalo wameshalielewa kuliko yote, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakusema kwa mzaha.

Mashimo yalipokwisha, darasa lilikaa kuzungumza juu ya Mwalimu. Walikuwepo waliotaka aondoke. Lakini agronome mwingine hakuwepo, na huyu alijua mambo ya maharage, mbolea na kuku. Mwishowe waliamua kwamba arudie kozi. Atakaa benchi kama wanafunzi wengine kwa miezi mitatu, na katika muda huo darasa litafundishana lenyewe, kila mtu kwa zamu, na Nehemiya atakuja mara mbili kwa mwezi. Adolphe alisema ni haki. Alikaa benchi la nyuma. Ilibidi aombwe mara kadhaa asinyooshe mkono kila mara.

Zamu ya Bernardine ilipofika alifundisha jinsi ya kunusa beseni. Somo lilichukua dakika nne. Kila mwanafunzi alipita na kuinama, na aliyesema amesikia harufu wakati haipo alirudishwa nyuma ya mstari. Valentin alirudishwa mara mbili.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo, mbele ya Nehemiya, na matokeo yake yaliandikwa kwenye daftari la muziki, jina kwenye mstari wa juu na alama kwenye mstari wa chini. Jocelyne alikuwa wa kwanza. Adolphe alikuwa wa pili, na alifurahi kuliko ilivyostahili. Bernardine alikuwa wa kumi na tatu kwa sababu alipoambiwa ahesabu mpaka thelathini alihesabu mpaka arobaini na mbili. Nehemiya alisema hilo si kosa, lakini muda wa mtihani ulikuwa umeisha.

Benchi la kanisani lilijaa tena polepole. Kwanza alirudi mama mmoja wa Rozari, akakaa upande wa kulia. Jumapili iliyofuata alirudi wa upande wa kushoto, na baada ya misa aliuliza kama uji bado upo. Bernardine alisema upo.

Maharage yalikaa ardhini muda huo wote, na yalizaa vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Miezi sita ilipopita, machipukizi yalichukuliwa kwa Bernardine na kwa Valentin, yakasafishwa udongo, yakatazamwa moja moja, na kila mwenye bustani akapewa manne. Bernardine aliyapeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba, kwa kichwa. Kwa Jocelyne alikaribishwa ndani, akapewa kiti na chai, nao wakazungumza juu ya bei ya mahindi na juu ya padri mpya. Migomba haikutajwa. Alipoondoka, Jocelyne alimsindikiza mpaka njia panda.

Adolphe amerudi kufundisha. Darasa la pili lina watu thelathini na wanne. Wanafunzi wote humwita Mwalimu, na hata watu wasiosoma pale humwita hivyo, isipokuwa Jocelyne. Akikutana naye sokoni, Jocelyne humsalimia kwa heshima, humwuliza habari za nyumbani na za kazi, na humwita Adolphe. Yeye huitika.